Sinema 5 za familia: ndoto ni ya mtoto, gharama analipa nani?

Ijumaa jioni. Foleni imewachosha, watoto wameshakula, bisi ziko kwenye bakuli na rimoti iko mkononi. Linabaki swali lile lile la kila wiki: tuangalie nini ambacho mtoto ataelewa, baba hatasinzia, na mama hatainuka katikati kwenda kupanga vyombo?

Wengi wetu tukisikia “sinema ya familia yenye kutia moyo” tunajua kabisa kinachokuja. Mtoto maskini ana kipaji, watu wanamcheka, muziki unapanda, anashinda, tunafuta machozi, tunalala. Poa, hakuna ubaya. Ila kiukweli, Jumatatu ikifika hakuna kilichobaki kichwani.

Mimi nina miaka 25, sijaoa na sina mtoto, kwa hiyo kama unataka kuniambia “dogo, ngoja uoe kwanza”, ruksa. Lakini sinema za aina hii nimeziangalia nyingi mno, na siku hizi sihangaiki sana na mtoto aliye mbele ya kamera. Nawaangalia watu wazima walio nyuma yake. Nani ameuza kitu ili ndoto iendelee? Nani amesema hapana, na alikuwa na sababu gani? Mume na mke walikubaliana vipi? Sinema inayoficha hayo inakudanganya mzazi. Inayoyaonyesha inaweza kuwapa mazungumzo ya mwezi mzima.

Hizi hapa tano, pamoja na nyota zangu. Mkibisha, bisheni hukohuko kwenye kochi.

The Pursuit of Happyness (2006)
Nyota 3 kati ya 5

Naanza na hii kwa sababu karibu kila mtu ameiona. Will Smith anaigiza kama Chris Gardner, muuza mashine za hospitali kule San Francisco mwaka 1981, anayeishia kulala na mwanawe kwenye choo cha stesheni ya treni huku akisaka nafasi ya kazi kwenye kampuni ya hisa. Mtoto anaigizwa na Jaden, mwanawe wa kweli, na ndiyo maana ukaribu wao hauonekani wa kuigiza. Kile kipande cha chooni kinamaliza hata wababe.

Sasa kwa nini nyota tatu? Kwa sababu ya Linda, mama wa mtoto. Mwanzoni mwa sinema mwanamke huyu anapiga shifti mbili kwa siku, kodi imechelewa, na akiba ya nyumba imezama kwenye mashine ambazo hazinunuliki. Anachoka, anaondoka. Sinema inamwonyesha kama mtu wa kulalamika tu, halafu inamsahau. Kama mumeo au mkeo ana ndoto kubwa na wewe ndiye unayelipa kodi, mtazame Linda kwa jicho lingine. Halafu muulizane: sisi tungepeana muda gani kabla ya kusema basi?

The Boy Who Harnessed the Wind (2019)
Nyota 4 kati ya 5

Malawi, njaa ya mwaka 2001 na 2002. Kijana William Kamkwamba anafukuzwa shule kwa kukosa ada, anajipenyeza maktaba, anasoma kitabu kuhusu umeme, na kutokana na vyuma chakavu anaunda mtambo wa upepo. Hiki ni kisa cha kweli. Chiwetel Ejiofor ndiye aliyeiongoza sinema hii na ndiye anayeigiza kama baba.

Watu wengi hukumbuka mtambo. Mimi nakumbuka baiskeli. Ili mtambo uzunguke, William anahitaji baiskeli ya baba yake, na ile ndiyo mali pekee ya maana iliyobaki nyumbani. Mavuno hakuna, familia imefika mahali pa kula mlo mmoja kwa siku, halafu mtoto anakuja kukwambia anataka kuikata baiskeli vipande. Baba anakataa, tena kwa ukali. Wewe ungekubali? Usijibu haraka.

Kinachonifurahisha ni kwamba sinema haimfanyi baba kuwa mjinga. Ni mtu aliyeishiwa, anayeogopa kupoteza kidogo alichobakiwa nacho. Na anayefungua mlango siyo mtoto kwa maneno matamu, ni mama, kwa kumweleza mumewe ukweli bila kumvunjia heshima. Kwa wanandoa, kipande hicho peke yake kinatosha kuwa somo.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya haraka ya mwisho. Kwenye maisha halisi mtambo wa kwanza wa William uliwasha taa na redio nyumbani. Maji ya kumwagilia shamba yalikuja baadaye. Sinema imeunganisha yote kuwa ushindi mmoja, na watoto wanaweza kudhani mambo huwa hivyo.

Queen of Katwe (2016)
Nyota 5 kati ya 5

Hii nawashauri muanze nayo. Phiona Mutesi, binti wa muuza mahindi kutoka Katwe, Kampala, anajifunza chesi na kufika mashindano ya kimataifa. Mira Nair ameiongoza kwa mapenzi yote, rangi za mtaa zimejaa, na Madina Nalwanga, aliyeigiza kama Phiona, hakuwahi kuigiza sinema kabla ya hapo.

Lakini roho ya sinema ni Lupita Nyong'o kama Nakku Harriet, mama mjane mwenye watoto wa kulisha. Harriet haipendi chesi. Anaogopa binti yake ataonjeshwa maisha mazuri halafu arudishwe Katwe, asiwe wa huku wala wa kule. Na woga huo una msingi, kwa sababu Phiona akirudi kutoka safari anaanza kudharau kazi za nyumbani. Pamoja na woga wake wote, mama huyohuyo anauza nguo ya thamani aliyoitunza ili binti apate mafuta ya taa ya kusomea usiku. Hakuna hotuba wala muziki mkubwa. Anauza, analeta mafuta, basi.

Pembeni kuna wanandoa wengine, kocha Robert Katende na mkewe Sara. Robert amesomea uhandisi, kazi yenye mshiko inakuja, naye anachagua kubaki na watoto wa chesi. Hebu fikiria mumeo anarudi nyumbani na habari hiyo. Sara hamkaripii, lakini usoni unaona anapiga hesabu. Kwa nini wasichana wengi wa ofisini wanamsifia Robert na kumsahau Sara? Mshahara ulioachwa ulikuwa wa wawili.

Kingine: Phiona anashindwa, tena vibaya, na anataka kuacha kabisa. Mtoto wako anahitaji kuliona hilo kuliko kombe.

The First Grader (2010)
Nyota 4 kati ya 5

Mwaka 2003 Kenya ilitangaza elimu ya msingi bila malipo, na mwaka 2004 mzee Kimani Maruge, mwenye miaka 84, akaenda kuandikishwa darasa la kwanza karibu na Eldoret. Oliver Litondo anaigiza kama Maruge kwa utulivu wa ajabu. Ukiwa na mtoto anayegoma kwenda shule, mwonyeshe mzee anavyochonga penseli yake, atajisikia vibaya mwenyewe.

Hapa anayelipa gharama ni mwalimu Jane, anayeigizwa na Naomie Harris. Anamtetea mzee, wakubwa wanakasirika, simu za vitisho na umbeya zinaanza kumfikia mumewe aliye mbali, Nairobi. Ndoa inatikiswa na kitu ambacho hata si kosa. Swali kwenu: mwenzako akisimamia jambo la haki kazini na moto ukahamia nyumbani, utamwambia aache, au utasimama naye?

Tahadhari: kuna vipande vya mateso ya wakati wa Mau Mau. Watoto wadogo wasiangalie hii. Ni ya kuanzia wale wa sekondari.

Supa Modo (2018)
Nyota 5 kati ya 5

Mtaiangalia kwa Kiswahili, Kiingereza na Kikuyu, tena ni dakika 74 tu. Jo ni mtoto wa miaka 9, mgonjwa, na madaktari hawana la kufanya tena. Mama anamtoa hospitali na kumrudisha kijijini. Jo anapenda sana sinema za mashujaa, na dada yake Mwix anaamua kumfanya aamini ana nguvu za ajabu. Mwishowe kijiji kizima kinaingia mchezoni.

Hakuna kombe hapa, hakuna kazi nzuri wala nyumba mpya inayomsubiri mtoto. Mkurugenzi Likarion Wainaina anauliza jambo gumu zaidi: ukijua ndoto ya mwanao haina kesho, utaigharamia leo? Mama anataka Jo atulie ndani, apate dawa, asichoke. Mwix anataka Jo aishi. Wote wawili wanampenda, na wote wanaumizana. Sijawahi kuona sinema inayoeleza vizuri hivi jinsi watu wa nyumba moja wanavyoweza kugombana kwa sababu ya upendo uleule. Mwisho wake siusemi. Wekeni leso karibu.

Kabla hamjabonyeza rimoti

Anza wewe na mwenzako. Iangalieni kwanza wawili kabla ya kuwaita watoto, hasa The First Grader na Supa Modo. Mtoto akianza kuuliza kuhusu kifo au njaa, msiwe mnatazamana tu.

Simu pembeni. Dakika 74 hazijawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Mkimaliza, msimuulize mtoto “umejifunza nini?” Atadhani ni mtihani. Mwambieni achague mtu mmoja aliyemwonea huruma kuliko wote. Mara nyingi mtashangaa akimtaja mama au baba kwenye sinema, siyo mtoto mwenzake.

Watoto wakishalala, jibuni na nyie swali lenu. Kwenye nyumba yenu, ndoto ya nani inaendelea sasa hivi, na ni nani anayeilipia kimyakimya? Inaweza kuwa masomo ya jioni ya mmoja, biashara changa ya mwingine, au mpira wa mtoto. Kama kuna mmoja ambaye muda mrefu ndiye anauza nguo ya thamani na kukata baiskeli, usiku huo ni mzuri wa kumwambia ahsante, na kupanga mwezi ujao zamu iwe ya nani.