Shahada ya Kusoma Eneo Zima

Wabukusu hutahiri wavulana miaka ya shufwa, hasa Agosti. Mwanafunzi wa uzamili anayetaka kuifanyia utafiti tohara hiyo, awe wa Bungoma au wa Kwanza kule Trans Nzoia, lazima aipangie ratiba yake yote: aliyeikosa Agosti ya 2024 anangoja ya 2026, huku karo ikiendelea kudaiwa.

Shahada za taaluma za maeneo ndivyo zilivyo. Badala ya kubobea kwenye historia au uchumi peke yake, mtu huchagua sehemu ya dunia, iwe Afrika Mashariki au Asia Kusini, akaichunguza kupitia masomo kadhaa kwa pamoja. Mwanzo wa taaluma hizi haukuwa wa kisomi tu. Chuo cha SOAS cha London, kilichoanzishwa 1916, kililenga pia kuwaandaa maafisa wa dola. Afrika iliingizwa kwenye jina lake 1938. Marekani ilitunga sheria ya kufadhili mafunzo ya lugha za kigeni 1958, mwaka mmoja baada ya Wasovieti kurusha setilaiti ya Sputnik, na Kiswahili kikafaidika. Ghana ilikuja na nia tofauti: 1963 Kwame Nkrumah alifungua taasisi ya taaluma za Kiafrika huko Legon, Waafrika wajisome wenyewe.

Uingereza hukamilisha uzamili kwa mwaka mmoja wa pointi 180, na kwa kawaida 60 kati ya hizo ni za tasnifu. Kenya huchukua miaka miwili, angalau kwenye karatasi. Mwaka wa kwanza ni wa darasani: nadharia, mbinu za utafiti, historia, siasa, fasihi, na mitihani kila muhula. Lugha ya eneo nayo hufundishwa, hasa ng'ambo. Mzaliwa wa Kwanza anayezungumza Lubukusu na Kiswahili tayari amelipa sehemu hiyo ya deni, ingawa hakuna anayempa pointi kwa hilo.

Kazi yenyewe huanza mwaka wa pili. Pendekezo la utafiti huandikwa, kwa kawaida sura tatu: tatizo, maandishi yaliyopo na mbinu. Mwanafunzi hulitetea mbele ya idara, akirudishwa hulirekebisha, kisha huomba kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, ndipo aingie nyanjani. Tasnifu ikikamilika hupelekwa kwa watahini, mmoja wao akiwa wa nje ya chuo, halafu mwanafunzi huitwa kuitetea.

Kwa mwanafunzi wa Trans Nzoia, malighafi haiko mbali sana. Makumbusho ya Kitale yalitokana na mikusanyo ya mlowezi mmoja, Stoneham, aliyefariki 1966. Mwanaanthropolojia Mjerumani Günter Wagner aliwatafiti Wabukusu na Walogoli miaka ya 1930. Faili za utawala wa kikoloni ziko Nairobi, kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Yaliyobaki yamo vichwani mwa wazee, na hao hawasubiri idara ikutane.

Tatizo ni mipaka. Wagisu wa Uganda ni ndugu wa Wabukusu na hutahiri miaka hiyohiyo. Wasabaot wa Kenya nao wana jamaa zao Sebei, upande wa Uganda. Mlima Elgon ni eneo moja, lakini kibali cha NACOSTI kinaishia mpakani, Suam. Ng'ambo ya pili anayehusika ni Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, lenye fomu zake na ada zake, kwa hiyo msimamizi mzoefu huuliza habari za Mbale, kwa Wagisu, kabla pendekezo halijafika mbele ya idara.