Fahali Wawili Zizi Moja: Mgongano wa Modemu na Poti za Siriali katika Tarakilishi Kuukuu

Utangulizi

Kabla ya nyaya za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM kufika Mombasa mwaka wa 2009, Kenya iliwasiliana na ulimwengu wa intaneti kwa njia ya setilaiti, na watumiaji wengi wa kawaida kisiwani waliufikia mtandao kupitia laini ya simu. Kati ya tarakilishi na laini hiyo palikuwa na modemu, kifaa kinachogeuza data kuwa sauti inayoweza kupita katika simu, kisha kuigeuza sauti hiyo kuwa data upande wa pili.

Katika enzi hiyo tatizo moja liliwatatiza wengi. Modemu ilipoanza kupiga simu, kipanya kiliganda papo hapo. Mashine ilipozimwa na kuwashwa upya, kipanya kilifufuka. Lawama zikaelekezwa kwa modemu, na mwenye mashine akashauriwa anunue nyingine. Akanunua, ikafungwa, na kipanya kikaganda vilevile. Makala haya yanakusudia kueleza chanzo cha tatizo hilo na namna ya kulitatua bila gharama.

Chanzo cha Mgongano

Anayepita Ndia Kuu katika Mji wa Kale huona jinsi nyumba zilivyosongamana. Hata hivyo, kila nyumba ina mlango wake, na mwenyeji akisikia hodi hujua ni mlango upi wa kufunguliwa. Ndani ya tarakilishi mambo ni hayo hayo. Mwenyeji ni kichakataji, na kila kifaa kinahitaji vitu viwili: anwani ambako data yake huwekwa na kuchukuliwa, na hodi ya kumwita mwenyeji. Hodi hiyo ndiyo ukatizaji, ambao hutambulishwa kwa nambari ya IRQ.

Tarakilishi ya IBM ya mwaka wa 1981 ilikuwa na njia 8 tu za hodi. Ile ya AT ya mwaka wa 1984 ikaziongeza hadi 16. Nyingi zilikuwa zimekwisha kutwaliwa: saa ya mashine ilichukua IRQ 0, kibodi IRQ 1 na kiendeshi cha disketi IRQ 6. Poti za siriali, yaani zile zinazopitisha biti moja baada ya nyingine, zikagawiwa hivi:

COM1: anwani 3F8, IRQ 4
COM2: anwani 2F8, IRQ 3
COM3: anwani 3E8, IRQ 4
COM4: anwani 2E8, IRQ 3

Anwani ni nne, lakini hodi ni mbili tu. Kipanya kikiwa COM1 na modemu ya ndani ikiwekwa COM3, vyote viwili hutumia IRQ 4. Kwa kadi za aina ya ISA, kwa kawaida njia moja ya hodi haiwezi kutumiwa na vifaa viwili kwa wakati mmoja. Maadamu modemu imelala, kipanya hakina mshindani. Modemu ikiamka, hodi ya mmoja humezwa na ya mwenzake. Wahenga walinena kuwa fahali wawili hawakai zizi moja.

Utatuzi

Hatua ya kwanza ni kuchunguza. Katika Windows 95 na 98, orodha ya vifaa iliyo katika mipangilio ya mfumo huonyesha IRQ ya kila kifaa, na chenye kasoro huwekewa alama ya mshangao ya manjano. Katika DOS, programu ya MSD hufanya kazi hiyo. Hata hivyo, orodha hiyo haitoshi. Kadi kuukuu hupangwa kwa jampa, yaani vibanio vidogo vinavyounganisha pini, nazo sharti zitazamwe kwa macho.

Hatua ya pili ni kumhamisha fahali mmoja. Ikiwa COM2 haitumiki, izimwe katika mipangilio ya BIOS, kisha modemu ipangwe kuwa COM2 yenye IRQ 3. Ikiwa COM2 ina kifaa kingine, modemu yaweza kupewa IRQ 5 endapo kadi yake inaruhusu, mradi kadi ya sauti haijaitwaa nambari hiyo. Njia nyingine ni kutumia kipanya cha PS/2, ambacho hodi yake ni IRQ 12. Libadilishwe jambo moja tu kila mara, na matokeo yaandikwe.

Hatua ya tatu ni kuthibitisha. Kwa programu ya mawasiliano, herufi AT ziandikwe. Modemu ikijibu OK, yeye na tarakilishi wanaelewana, na kasoro iliyosalia itafutwe kwenye laini au katika mipangilio ya kupiga simu. Ikilalamika kwamba haisikii mlio wa laini ilhali mlio upo, amri ya ATX3 huiwezesha kupiga bila kuusubiri.

Pwani ina adui mwingine: unyevu na chumvi ya bahari, ambavyo hutia kutu miguso ya kadi. Dalili yake ni kwamba modemu hupotea na kurudi bila mpango, kipanya kitumike kisitumike. Hapo mashine izimwe, ichomolewe kwenye umeme, na miguso isafishwe taratibu kwa kifutio.

Hitimisho

Modemu za simu zimeachwa na wengi, lakini siriali haijafa. Ruta za mitandao mikubwa bado husanidiwa kupitia poti ya aina hiyo, na vyombo vya kuongozea meli, kama zinazotia nanga Kilindini, hupeana taarifa kwa kaida ya NMEA 0183, ambayo pia ni ya siriali. Fundi anayeelewa hodi na anwani hatahukumu kifaa kwa dalili pekee. Kabla ya kumtuma mteja dukani, atauliza kwanza: ni nani mwingine anayebisha mlango huu?