Mwana wa Siakago na Kiti cha Spika

Sisi wa Pwani tukilisikia jina la Siakago, mawazo yetu huenda moja kwa moja kwenye muguka. Mei 2024, serikali za kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipoyapiga marufuku majani hayo, nilikuwa miongoni mwa waliofurahi barazani. Furaha yetu haikudumu. Wambeere walikwenda Mahakama Kuu ya Embu, na marufuku ikasimamishwa. Hapo ndipo nilipoona haya kuwasema watu ambao kwao sijapata kutia mguu, nikafunga safari.

Ukitoka Embu mjini, kwenye baridi ya Mlima Kenya na mashamba ya chai na kahawa, barabara inateremka hadi nchi kame yenye joto kama la kwetu. Hapo ndipo Siakago. Mwaka 1996, Mbeere ilipotengwa na Embu ikawa wilaya, mji huu ulifanywa makao yake makuu. Wenyeji hulima pojo, ambazo wao huziita ndengu, pamoja na kunde na mtama. Mvua ikikosa, muguka ndio karo na ndio unga. Sikuyapenda majani yale zaidi kwa kujua hayo, lakini nilielewa kwa nini mbunge wa huko hawezi kuyatupa mkono. Mbunge ni mdomo wa waliomtuma.

Katika wabunge wa Siakago, aliyepanda ngazi za juu zaidi ni Justin Bedan Njoka Muturi, anayejulikana kwa kifupi kama J.B. Alizaliwa mwaka 1956, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1982 akaanza kazi ya uhakimu. Alikaa mahakamani miaka 15. Mwaka 1997 aliiacha kazi hiyo, akarudi kwao kuomba kura, akashindwa. Hakukata tamaa. Mwaka 1999 ulipoitishwa uchaguzi mdogo, alishinda kwa tiketi ya KANU.

Mwaka 2002 KANU iling'olewa madarakani, na vigogo wengi wakaanguka nayo. Muturi alirudishwa bungeni na watu wake, akawa kiranja mkuu wa upinzani. Lakini mpiga kura hana rafiki wa kudumu. Mwaka 2007 Siakago ilimchagua Lenny Kivuti, na Muturi akarudi nyumbani mikono mitupu.

Wengi wakianguka hivyo huishia kusimulia ya zamani. Yeye aliingia bungeni kwa mlango mwingine. Katiba ya 2010 inasema Spika asiwe mbunge, bali achaguliwe na wabunge. Machi 2013, walimchagua Muturi na kumwacha Kenneth Marende, Spika aliyetangulia. Mwaka huo huo jina la Siakago liliondoka katika orodha ya majimbo, likawa Mbeere Kaskazini. Muturi alichaguliwa tena mwaka 2017, akakaa katika kiti hicho hadi 2022.

Ipo siku moja ya uspika wake ambayo sisi Waislamu wa Pwani hatujaisahau. Tarehe 18 Desemba 2014, Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria za usalama katikati ya vurugu, maji yakimwagwa na karatasi zikichanwa ukumbini. Huku kwetu hofu ilikuwa kubwa. Miaka hiyo vijana walikuwa wakichukuliwa, na wengine hawakurudi kwa mama zao. Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane vya sheria ile. Kwa haki, Spika hapigi kura, kazi yake ni kuongoza kikao. Hata hivyo, nyundo ilikuwa mkononi mwake.

Mwaka 2022 Muturi aliongoza chama cha DP, kilichoasisiwa na Mwai Kibaki mwaka 1991, akaungana na William Ruto. Oktoba mwaka huo akawa Mwanasheria Mkuu. Kwa tiketi ya DP hiyo hiyo, Geoffrey Ruku alichaguliwa mbunge wa Mbeere Kaskazini. Ikaonekana nyumba imesimama imara.

Kisha likamfika lililokwisha kuwafika wenzetu. Juni 2024, wakati wa maandamano ya vijana, mwanawe Muturi alitekwa. Baba huyo alikuwa ndiye mshauri mkuu wa sheria wa serikali, na bado alihangaika kumtafuta mwana. Mwanawe aliachiliwa. Januari 2025, akiwa sasa Waziri wa Utumishi wa Umma, Muturi alisema hadharani kuhusu utekaji huo na kuilaumu serikali aliyomo. Machi mwaka huo alifutwa kazi. Aliyeteuliwa kushika nafasi yake ni Ruku, mbunge wa nyumbani kwake, aliyeingia bungeni kwa chama chake.

Kiti cha Mbeere Kaskazini kikawa wazi, na Novemba 2025 uchaguzi mdogo ukafanyika. Muturi alisimama upande wa mgombea wa DP. Kura zilikaribiana sana, lakini ushindi ukaenda kwa Leo Wa Muthende wa UDA. Siakago iliyomwinua J.B. kwa uchaguzi mdogo mwaka 1999, mara hii ilimkatalia.

Wapo barazani waliosema kilio chake kilichelewa, kwamba angelia mapema, wakati wana wa wengine wakichukuliwa. Sikuweza kuwapinga. Lakini naona pia kwamba wengi yamewafika wakanyamaza ili wasipoteze gari na bendera. Yeye alisema, na bendera ikaondoka.

Dini yetu inatufundisha kwamba uongozi ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Mto Tana unaopita pembeni mwa Mbeere ndio huo huo unaomwaga maji yake baharini Kipini. Dhuluma nayo ina mkondo wake. Ikianzia Pwani tusidhani haitafika bara, na ikianzia bara tusikae tukitazama. Tuwachague watakaosema kabla maji hayajafika mlangoni mwao.