Soketi ya Umeme Isiyofanya Kazi Katika Gari Lililokwisha Kutumika

Magari mengi madogo yanayopita kati ya Kasese na Bwera yaliingia Uganda yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, aghalabu Japani. Mnunuzi hukagua injini, breki na magurudumu. Ni nadra akakumbuka tundu lile dogo la dashibodi ambalo zamani liliwashia sigara na leo huchajia simu. Kasoro yake huigundua baadaye, pengine usiku, gari likiwa limekwama ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, kati ya Katunguru na Kikorongo, mahali ambapo tembo huvuka barabara na haishauriwi kabisa kushuka na kutembea kutafuta msaada. Simu iliyozimika haiwezi kupiga 999 wala 112. Ndiyo maana jambo hili, ambalo kwa kawaida ni la mafundi, tumelileta katika kurasa hizi.

Sababu ya pili ni moto, nayo tutaifikia.

Kwanza tuelewe tundu lenyewe. Gari dogo lina betri ya volti 12. Kipande cha chuma kilicho katikati, chini kabisa ya tundu, huleta umeme chanya. Ukuta wa chuma unaolizunguka ni upande hasi, uliounganishwa na bodi ya gari. Chaja ya simu hugusa pande zote mbili kwa pamoja. Mtu akichokoa ndani kwa bisibisi au kijiti cha chuma ilhali umeme upo, pande hizo mbili hugusana na fyuzi hukatika papo hapo. Magari mengi yenye "soketi mbovu" yaliharibiwa namna hiyo hiyo, na mwenyewe, alipokuwa akijaribu kuyatengeneza.

Kabla ya kulaumu gari, jaribu chaja hiyo katika gari la jirani. Chaja nyingi za bei nafuu hufa mapema, na baadhi zina fyuzi yao ndogo ndani ya ncha. Ncha hiyo nayo hulegea, ikachomoka na kubaki ndani ya tundu bila mtu kutambua. Kumbuka pia kwamba katika magari mengi soketi haipati umeme mpaka ufunguo uzungushwe hadi hatua ya kwanza, ile inayowasha redio. Wako waliolipa fundi kwa kosa la ufunguo tu.

Chaja ikiwa nzima, zima gari, toa ufunguo, umulike ndani ya tundu kwa tochi. Utaona vumbi, karatasi ya bati ya peremende, au kutu ya kijani. Futa kwa kijiti cha mti kilichozungushiwa kitambaa kikavu. Huku kwetu kutu ina chanzo chake: anayebeba magunia ya chumvi ya Katwe katika buti huacha chembe zinazovuta unyevu, nazo hula viungo vya waya vilivyofungwa kwenye bodi. Hali kadhalika gari lililowahi kuzama katika mafuriko ya mto Nyamwamba, kama yale ya 2013 na 2020, laweza kung'arishwa likapendeza machoni huku viungo vyake vikiendelea kuoza chini ya zulia. Soketi iliyokufa pamoja na harufu ya uvundo ni sababu tosha ya kuinua zulia kabla ya kulipa.

Halafu ifuate fyuzi. Sanduku lake aghalabu liko chini ya usukani au pembeni mwa dashibodi, na kifuniko huonyesha kila fyuzi inalinda nini; ya soketi huandikwa mara nyingi CIG au P/OUTLET. Katika magari kadhaa fyuzi hiyo hiyo hulinda redio au vioo vya pembeni, kwa hiyo vikifa pamoja na soketi, umekaribia jibu. Ichomoe, uitazame kwenye mwanga: uzi wa ndani ukiwa umekatika, weka nyingine yenye namba ile ile. Rangi husaidia: nyekundu ni ampea 10, buluu 15, manjano 20.

Hapa ndipo penye hatari. Fyuzi mpya ikikatika tena, wapo wanaoweka ya ampea 30, au waya mtupu, na soketi ikafufuka. Wanasifiwa kwa ustadi. Kumbe fyuzi iliwekwa iwe dhaifu kuliko waya, ili ikatike yenyewe kabla waya haujachemka. Ukiiondoa, waya ndio unaokuwa fyuzi, nao huungua nyuma ya dashibodi, karibu na magoti ya abiria. Fyuzi inayokatika mara mbili inasema kuna hitilafu ambayo bado haijaonekana, au kifaa kinachodai umeme mwingi mno. Ampea 10 kwa volti 12 ni wati 120 tu: zinatosha simu kadhaa, lakini pampu ya kujazia magurudumu yaweza kuzidi hapo.

Ukinusa plastiki inayoungua, egesha kando, zima gari, washushe wote na msogee mbali. Usifungue boneti wazi, kwa kuwa hewa huchochea moto. Piga simu, Kikosi cha Zimamoto ni sehemu ya Polisi ya Uganda.

Fyuzi ikiwa nzima na tundu likiwa safi, mwachie fundi wa umeme wa magari mwenye kipima umeme. Akifungua dashibodi, simama naye. Waya wa soketi ndio mafundi hupenda kuuchepua ili kufunga redio, king'ora au kifaa cha kufuatilia gari. Mkikuta kifaa msichokijua, msikikate kwa haraka. Huenda aliyeuza aliliweka gari rehani na deni halijalipwa, au gari lina mwenyewe mwingine. Chukua hati ya umiliki, linganisha namba ya chesisi na ile iliyogongwa kwenye chuma, kisha uje kituoni kabla muuzaji hajabadili namba ya simu.

Kwa ndugu zetu wa Mpondwe wanaokutana na magari kutoka ng'ambo ya mpaka: gari la Kongo lenye usukani wa kushoto mara nyingi huwa na sanduku la fyuzi upande huo huo wa kushoto, na lori lina volti 24. Chaja iliyoandikwa volti 12 pekee haifai kuchomekwa humo.