Je, Jiwe Hilo la Uani ni Dhahabu?

Mama mmoja wa Makambako alitujia Njombe baada ya kipindi cha akina mama, jiwe amelifunga kwenye pindo la khanga. Mumewe alilipata walipokuwa wakichimba shimo la choo, nalo lilimeremeta kweli. Tayari kijana mmoja aliyejiita fundi alikuwa ameomba pesa zao za viazi akanunue zebaki, ili alisafishe jiwe hilo jikoni kwao. Mama huyo alikuwa na mimba ya miezi mitano.

"Sista, nifanyeje?" alituuliza.

Tumeona vema kulijibu swali hilo hapa, maana huenda nawe, mpenzi msomaji, una jiwe la namna hiyo juu ya kabati.

Lichunguze kwanza nyumbani

Kutumaini si kosa. Chunya, katika mkoa jirani wa Mbeya, dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1920. Lakini vyote ving'aavyo si dhahabu. Mawe mengi hung'aa kwa sababu ya ulanga, ambao umejipanga kwa tabaka nyembamba. Mengine yana pairaiti, madini ya chuma na salfa yenye rangi ya manjano, ambayo yamewadanganya watu wengi duniani.

Fanya hivi:

1. Litazame juani, kisha kivulini. Dhahabu hubaki na rangi yake ileile. Ulanga humetameta ukiligeuza jiwe, kisha hufifia.

2. Chomachoma punje inayong'aa kwa ncha ya sindano. Dhahabu ni laini, hubonyea bila kuvunjika. Ulanga hubanduka kama ganda la kitunguu. Pairaiti ni ngumu, na ukiigonga huvunjika na kuwa unga.

3. Sugua punje hiyo nyuma ya kigae cha sakafu, upande usio na rangi ya kung'aa. Dhahabu huacha mstari wa manjano; pairaiti huacha mstari mweusi au wa kijani cheusi.

4. Pima uzito kwa mkono. Dhahabu ni nzito mara 19 hivi kuliko maji ya ujazo uleule, pairaiti mara 5, na jiwe la kawaida mara 3 hivi.

Dhahabu nyingine ni ndogo mno hata haionekani kwa macho. Hiyo hupimwa maabara tu.

Zebaki isiingie jikoni

Hapa tunasema kama wauguzi. Zebaki hushikamana na dhahabu, kisha huchomwa ili dhahabu ibaki. Moshi wake hauonekani wala haunuki. Ukivutwa huingia kwenye damu, na kwa mama mjamzito hupita hadi kwa mtoto na kuudhuru ubongo wake unaokua. Mtu mzima naye huanza kutetemeka mikono, kusahausahau na kukosa usingizi. Sufuria iliyochomewa zebaki isipikiwe tena.

Vilevile usitwange mawe kwenye kinu cha nyumbani. Vumbi lake huharibu mapafu na kumweka mtu katika hatari zaidi ya kifua kikuu.

Na kama ni dhahabu kweli?

Kwa sheria yetu, madini yote ni mali ya Jamhuri ya Muungano, hata yakiwa chini ya choo chako. Huwezi kuyachimba na kuyauza bila leseni, ila Mtanzania anaweza kuomba leseni ya uchimbaji mdogo. Nenda ofisi ya Tume ya Madini ukaulize. Maabara ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko Dodoma. Uliza gharama kabla ya kupima, na dai risiti. Tangu mwaka 2019 kuna pia masoko rasmi ya madini, ambako dhahabu hupimwa na kuuzwa hadharani. Mtu anayetaka pesa kwanza na kukuhimiza usimwambie yeyote, mwepuke.

Jioni ile tulikaa na yule mama chini ya taa, tukachukua sindano. Jiwe lilibanduka, ganda baada ya ganda. Ulikuwa ulanga! Alinyamaza kidogo, kisha akacheka huku akijifuta machozi. Alirudi Makambako na pesa za viazi zikabaki nyumbani. Baada ya miezi minne akajifungua salama mtoto wa kike.

Jiwe hilo bado wanalo. Linazuia mlango usifungwe na upepo.