Ibada ya moyo

Ibada ya moyo ni namna ya kusali au kuabudu ambamo nia, usikivu na upendo wa mwabudu huandamana na maneno na vitendo vyake. Kinyume chake ni ibada ya mazoea, ambamo midomo inatamka na mwili unainama, lakini mawazo yako mbali. Suala hilo linajadiliwa katika dini nyingi: nabii Isaya aliwalaumu watu waliomheshimu Mungu kwa midomo tu, Waislamu wanahimizwa kuwa na khushuu katika swala, na kwa Wahindu wanaofuata bhakti yoga ndicho kiini cha njia yao.

Katika bhakti yoga

Bhakti ni neno la Kisanskrit ambalo shina lake linahusu kushiriki na kupenda. Bhakti yoga ni njia ya kuungana na Mungu kwa upendo. Matendo yake ni pamoja na kuimba nyimbo za sifa, kutoa sadaka mbele ya sanamu, na kurudiarudia jina la Mungu kwa kuhesabu shanga, ambazo kwa kawaida ni 108.

Kwa kuwa matendo hayo hurudiwa kila siku, ni rahisi yageuke mazoea. Bhagavad Gita inafundisha kwamba hata jani, ua, tunda au maji yakitolewa kwa upendo hupokewa. Thamani haiko katika ukubwa wa sadaka.

Rupa Goswami, mwalimu wa karne ya 16, alitofautisha bhakti inayoongozwa na kanuni na ile inayotokana na mvuto wa moyo wenyewe. Hata hivyo hakufuta kanuni, kwa sababu ndizo zinazomlea anayeanza. Katika karne hiyohiyo mshairi Tulsidas alisimulia habari za Rama kwa Kiawadhi, lugha ya watu wa kawaida, badala ya Kisanskrit. Hivyo hata wasio wasomi waliweza kuelewa walichoimba.

Mfano wa Julius Nyerere

Nchini Tanzania mfano ulio karibu, ingawa ni wa dini nyingine, ni wa Julius Nyerere (1922-1999), Mzanaki wa Butiama na rais wa kwanza wa nchi hiyo. Hakubatizwa utotoni. Alipokea ubatizo katika Kanisa Katoliki tarehe 23 Desemba 1943 huko Nyegina, karibu na Musoma, akiwa na umri wa miaka 21. Katika maisha yake alijulikana kwa kuhudhuria Misa asubuhi na mapema, hata alipokuwa na shughuli nyingi za serikali.

Ratiba ya namna hiyo inaweza kugeuka mazoea. Kwa Nyerere iliambatana na mambo mawili.

La kwanza ni kazi ya lugha. Alizitunga upya Injili nne na Matendo ya Mitume kwa mashairi ya Kiswahili, yaliyotolewa mwaka 1996 na Wabenedikto wa Ndanda na Peramiho kwa jina la Tenzi za Biblia. Kwa desturi, kila ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani nane: vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi hadi mwisho wa utenzi. Anayetunga hivyo hawezi kupita juu ya maneno aliyoyazoea. Hulazimika kupima maana ya kila neno kabla ya kupata lingine linalofaa.

La pili ni matendo. Mwezi Oktoba 1970, akiwahutubia masista wa Maryknoll huko New York, alidai Kanisa lishiriki mapambano dhidi ya mifumo inayowafanya watu wabaki maskini, la sivyo litapoteza maana machoni pao. Wamisionari wa shirika hilo walikuwa wakifanya kazi eneo la Musoma tangu mwaka 1946.

Mwitongo

Baada ya kuacha urais mwaka 1985, Nyerere alirudi kuishi Butiama. Alizikwa Mwitongo, penye makazi ya familia yake, tarehe 23 Oktoba 1999. Jimbo Katoliki la Musoma lilianzisha mchakato wa kumtangaza mwenye heri, na tangu mwaka 2005 anaitwa Mtumishi wa Mungu. Kwa kuwa moyo wa mtu hauonekani kwa macho, uchunguzi wa aina hiyo hutegemea maandishi yake pamoja na ushuhuda wa waliomfahamu kuhusu jinsi alivyoishi.