BEI ISIYO NA MSIMU

Mkulima wa mpunga wa Idodi hahitaji mwalimu wa kumfundisha habari za bei. Ajua ya kuwa wakati wa mavuno, magunia yakijaa na wenye kumdai mbolea wakibisha hodi, mnunuzi huja na bei yake mfukoni, na pengine hudai lumbesa juu yake. Ajua pia ya kuwa mwenye ghala na subira atauza vizuri zaidi miezi michache baadaye. Bei hiyo huwaonea wanyonge, lakini ina sababu zionekanazo: mvua, maji ya mfereji, walaji wa mjini. Nayo ikianguka mno, mpunga waliwa.

Sasa wako wawashawishio vijana wetu kutoa fedha za mavuno wanunue sarafu za mtandao, ambazo kubwa yao ni Bitcoin. Twaona yafaa kueleza jinsi bei zake ziendavyo, maana washawishi husimulia habari za kupanda tu.

Bitcoin ilianza mwaka 2009, na idadi yake imewekewa mpaka wa milioni 21. Wengi hudhani ya kuwa kitu kichache hakina budi kupanda bei. Sivyo, uchache hauna nguvu pasipo mnunuzi. Sarafu hii haizai, hailipi riba, wala hailiwi. Thamani yake ni kile atakachotoa mnunuzi ajaye. Akishikwa na tamaa, yapanda. Akiingiwa na hofu, yaanguka. Tena wako wafanyao biashara hiyo kwa fedha za kukopa. Bei ikishuka kwa kiasi fulani, soko huiuza mali yao bila kuwauliza ili mkopo urudi. Mauzo hayo huishusha bei tena, na wakopaji wengine nao hunaswa. Ndiyo sababu maporomoko yake yaweza kutokea kwa saa chache tu, hata usiku wa manane, kwa kuwa soko hilo halifungwi.

Novemba 2021 Bitcoin moja ilifika karibu dola 69,000. Novemba 2022, soko la FTX lilipofilisika, ilishuka chini ya dola 16,000. Haki ni haki: Machi 2024 ilirudi pale pale, na Desemba 2024 ikapita dola 100,000. Wenye kuisifu hupenda kutuonyesha hesabu hiyo ya mwisho. Lakini aliyenunua kileleni alipaswa kungoja zaidi ya miaka miwili ili apate tu kurudi alipoanzia. Tajiri wa New York aweza kungoja. Mkulima wa Idodi hawezi: shamba lataka mbegu kila msimu, na Januari watoto wataka sare na madaftari. Atauza kwa hasara, na amnunuliaye ni yule yule mwenye subira.

Mwaka 2019 Benki Kuu ilitangaza ya kuwa biashara ya sarafu hizo yapingana na kanuni za fedha za kigeni. Mwaka 2024 Sheria ya Fedha iliweka kodi ya asilimia 3 juu ya malipo ya mali za kidijitali. Kodi hiyo hatuipingi. Twauliza tu: mkulima aliyetuma fedha zake kwa simu kwa muuzaji asiyemjua, naye akatoweka, atapeleka shauri lake kwa nani?